Sifa za Kombe Lisilohesabiwa

Mashtaka dhidi ya mashindano ya kirafiki ya klabu yanajulikana. Hapa Kanja, Embu, yamekaririwa kwa kinyozi, kwenye steji ya bodaboda na kwenye foleni ya kupima majani chai, mpaka hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuyataja bila kukwama. Yanavuruga ratiba ya ligi. Yanaumiza wachezaji bure. Bingwa wake hapati pointi, hapandi daraja, wala hapati tiketi ya kucheza Afrika. Wadhamini wanayatumia kunadi biashara zao na viongozi wanayatumia kupigwa picha. Mechi iliyotangazwa saa tisa inaanza saa kumi na ushei. Ikifika kipindi cha pili makocha wanabadilisha nusu ya kikosi kwa mpigo mmoja, na shabiki aliyelipa kiingilio anabaki kumuuliza jirani yake huyu ni nani na yule ni nani.

Yote hayo ni kweli. Nami nayasifu mashindano haya pamoja na kasoro zake. Nikiambiwa nichague kati ya ratiba tulivu ya ligi na kero hii, nitachagua kero, na nitaeleza kwa nini.

Ninalolizungumzia hasa ni Kombe la SportPesa, lile lililozikutanisha klabu za Kenya na Tanzania kwa miaka mitatu. Klabu zilikuwa nane, nne za kwetu na nne za kwao, na kati ya hizo za kwao Zanzibar nayo ikapata nafasi: Jang'ombe Boys mwaka wa kwanza, JKU mwaka wa pili. Ukifungwa unarudi nyumbani. Toleo la kwanza lilichezwa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Juni 2017. La pili lilikuja Afraha, Nakuru, Juni 2018. La tatu likarudi Dar es Salaam Januari 2019, ligi za nchi zote mbili zikiwa zinaendelea, na hapo ndipo kelele zilipopanda hadi mawinguni. Bingwa alikuwa anapata dola 30,000 na mechi moja na Everton ya Uingereza.

Anza na sisi tunaoishi kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya. Kwa mtu wa Kanja, Ligi Kuu ya Kenya ni karamu ya jirani. Msimu wa 2024/25 Embu haikuwa na klabu hata moja kwenye ligi hiyo. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina wenyewe tangu siku ya kwanza, na wenyewe hao wanatoka upande wa ziwa. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United, na jina hilo linatosha kueleza ni ya nani. Bandari ni ya Mombasa, Homeboyz ni ya Kakamega, Shabana ni ya Kisii. Mtoto wa hapa akitafuta klabu ya kuipenda hana pa kuanzia, kwa hiyo anajikuta Arsenal au Manchester United, anavaa jezi ya watu ambao hawatawahi kukanyaga barabara ya Runyenjes. Simlaumu. Ligi yetu haijampa sababu ya kubaki.

Kombe la kirafiki ndilo lililompa. Simba ya Msimbazi ilipopanga mstari dhidi ya Gor Mahia kwenye fainali ya Nakuru, niliwasikia wazee wa hapa, watu ambao maisha yao yote hawajaitaja Gor ila kwa kuibeza, wakisema "timu yetu". Hakuna aliyewafundisha. Mpinzani alitoka nje, na mara hiyo klabu ya watu fulani ikawa klabu ya wote. Meddie Kagere akafunga, Jacques Tuyisenge akafunga, Gor ikashinda 2-0, na kesho yake hapa sokoni ushindi huo ulizungumzwa kama ushindi wa nyumbani. Wafungaji wote wawili walikuwa Wanyarwanda. Hilo nalo halikumsumbua mtu.

Kumbuka pia mwaka 2017 ulikuwa mwaka gani. Uchaguzi ulikuwa umepangwa Agosti, na kila jina la ukoo lilikuwa linapimwa kabla mtu hajajibiwa salamu. Katika hali hiyo, Juni, Gor Mahia na AFC Leopards zilikutana fainali Dar es Salaam. Mashemeji, kama mahasimu hawa wanavyoitwa, walisafiri mpaka nchi ya watu kwenda kupambana, na Gor wakashinda 3-0. Nilipenda kila kitu katika habari hiyo. Nilipenda kwamba Watanzania waliandaa meza na Wakenya wawili ndio waliokula. Nilipenda zaidi kwamba kwa siku chache jibu la swali "wewe ni wa wapi?" lilikuwa neno moja, Kenya. Ligi haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu kazi ya ligi ni kututenganisha na kutupanga kwa jedwali. Inahitajika timu ya kigeni ije ituunganishe, na kwa hilo siyo lazima kombe liwe na uzito wowote. Linatosha kuwepo.

Wanaosema mechi hizi hazina maana wanasahau waliopata maana humo. Nakuru All Stars hawakuwa hata kwenye Ligi Kuu mwaka 2017. Walikwenda Dar es Salaam, wakakutana na Simba, wakaitoa kwa penalti. Ni ligi gani, ni kombe gani la Afrika lingewaleta Nakuru All Stars mbele ya Simba nyumbani kwake? Mwaka uliofuata Kakamega Homeboyz waliifunga Yanga 3-1. Mwaka 2019 Mbao ya Mwanza iliitoa Gor Mahia, bingwa mara mbili, kwa penalti, na fainali ikachezwa na Kariobangi Sharks na Bandari, klabu mbili ambazo shabiki wa kawaida wa Dar es Salaam hakuwa anaweza kukutajia wachezaji wao watatu. Sharks wakashinda 1-0. Mashindano yenye hesabu kali huwalinda wakubwa: yana makundi, marudiano, mechi ya nyumbani na ya ugenini. Haya ya kirafiki yanaacha mlango wazi, na mdogo anaingia.

Zanzibar wanalijua hili kuliko sisi. Kombe lao la Mapinduzi huchezwa Januari, mara nyingi Uwanja wa Amaan, katikati ya ligi ya bara, na makocha wa Simba, Yanga na Azam huwa na la kusema kuhusu uchovu wa wachezaji. Kombe linaendelea hata hivyo. KCC ya Uganda ililichukua mwaka 2014, URA nayo ya Uganda mwaka 2016. Kisha Mlandege, klabu ya hapo hapo Unguja, ikalichukua mwaka 2023 na kulirudia mwaka 2024 kwa kuifunga Simba 1-0. Mzanzibari anayekumbuka usiku ule usimwambie kwamba kombe halikuwa na pointi.

Sasa nije kwenye lawama ambayo watu wa mpira huiona nzito kuliko zote, ile ya ratiba. Tarehe 19 Januari 2019 Simba ilifungwa 5-0 na AS Vita mjini Kinshasa katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikarudi Dar es Salaam na siku chache baadaye ikaingia Kombe la SportPesa, ambako Bandari iliifunga 2-1 kwenye nusu fainali. Mapema Februari ikaenda Misri, Al Ahly ikaifunga 5-0 nyingine. Mashabiki wengi waliona kombe la kirafiki ni mzigo uliowekwa juu ya mgonjwa. Lakini fuata habari mpaka mwisho. Februari hiyo hiyo Simba iliifunga Al Ahly 1-0 kwa bao la Kagere, Machi ikaifunga AS Vita 2-1, ikaingia robo fainali ya Afrika. Sisemi kipigo cha Bandari ndicho kilichowaponya. Nasema hakikuwaua, na mtu anayedai kombe la kirafiki linaharibu timu anapaswa kuieleza robo fainali hiyo. Gor Mahia nao, msimu huo huo wenye mechi nyingi kupita kiasi, walifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho.

Mtazame Kagere mwenyewe. Juni 2018 aliifunga Simba kwenye fainali akiwa na jezi ya kijani ya Gor. Kabla mwezi huo haujaisha, akawa mchezaji wa Simba. Misimu miwili mfululizo akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania. Mwaka 2019 Francis Kahata akafuata njia hiyo hiyo kutoka Gor kwenda Msimbazi. Duke Abuya, ambaye enzi za kombe hilo alikuwa Kariobangi Sharks, aliishia Yanga mwaka 2024. Klabu ya Afrika Mashariki haina bajeti ya kutuma wapelelezi kila wikendi nchi jirani. Mashindano ya kirafiki ndiyo soko lenyewe: mnunuzi anakaa jukwaani na kuona mali ikikimbia mbele yake. Kwa mchezaji wa kwetu anayelipwa kwa kuchelewa, au asiyelipwa kabisa, mechi kama hiyo ni mahojiano yake ya kazi. Ukimwambia haina maana, unazungumza ukiwa umeshiba.

Kuhusu Everton, wengi waliona ni maonyesho tu. Tarehe 13 Julai 2017 Gor Mahia walicheza nao Dar es Salaam. Wayne Rooney alikuwa amerudi klabu yake ya utotoni siku chache kabla, na bao lake la kwanza tangu arudi alilifunga pale, kwa shuti la mbali mno. Tuyisenge akasawazisha. Everton wakashinda 2-1. Novemba 2018 Gor wakaenda Goodison Park, Liverpool, wakafungwa 4-0. Tarehe 7 Julai 2019 Everton wakaja Kasarani, wakatoka sare 1-1 na Kariobangi Sharks, na Sharks wakawashinda kwa penalti 4-3. Najua Everton walikuwa kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, miguu yao mizito, na kikosi chao kilibadilishwa badilishwa. Hiyo haipunguzi kitu. Vijana waliolelewa na klabu ya Kariobangi, mtaa wa Eastlands wenye viwanja vya vumbi, walisimama mbele ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupiga penalti bila kutetemeka. Kila mtoto anayecheza pekupeku kwenye uwanja wa shule hapa Kanja alikuwa na haki ya kuliona hilo mara moja katika utoto wake. Mechi ya mashindano isingempa nafasi hiyo, kwa sababu hakuna mashindano rasmi yanayowakutanisha Sharks na Everton wala hayatakuwapo.

Lipo jambo moja katika kero hii ambalo siwezi kulisifu, nalo ni mahali pesa zilipotoka. Kombe lilibebwa na kampuni ya kamari. Kamari imekula karo na bonasi ya chai katika nyumba nyingi za milima hii, na hakuna bao la Rooney linaloweza kurudisha ng'ombe aliyeuzwa. Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari, SportPesa ikiwemo, na mwezi uliofuata kampuni hiyo ikaondoa udhamini wake katika michezo. Ligi Kuu ikabaki bila mdhamini, Gor na Leopards zikabaki na jezi zisizo na jina kifuani, na kombe likafa. Waliokuwa wanalilalamikia walipata utulivu walioutaka.

Tujiulize utulivu huo umetuletea nini. Katika matoleo yote matatu, bingwa alitoka Kenya. Katika fainali zote tatu, klabu ya Tanzania ilifika mara moja tu, Simba mwaka 2018. Hiyo ilikuwa picha ya kweli ya wakati ule. Tangu hapo Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikacheza fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, na klabu ya Kenya haijakaribia huko. Jirani ametupita, na tumechelewa kulijua kwa sababu tuliacha kupimana naye. Ligi inayojipima yenyewe kwa yenyewe itapata bingwa kila mwaka hata ikiwa inashuka. Jedwali halitakwambia kwamba nambari moja wa leo ni dhaifu kuliko nambari tano wa miaka kumi iliyopita. Jirani atakwambia, tena kwa dakika tisini.

Hata Asia, ambako pesa za mpira si tatizo, walipitia njia hii. Kuanzia mwaka 2003 klabu za Uchina, Japani na Korea Kusini zilikutana kwenye Kombe la A3, nje ya Ligi ya Mabingwa ya bara lao. Kashima Antlers walichukua la kwanza, kisha Seongnam, Suwon, Ulsan, na mwaka 2007 Shanghai Shenhua wakachukua la mwisho. Likafa nalo. Nalitaja kwa sababu watu wa kwetu hudhani vitu kama hivi hufa kwa umaskini peke yake. Vinaweza kufa pia pale ambapo kila ligi inaona ratiba yake ni muhimu kuliko jirani yake, na ligi tajiri zinaweza kuona hivyo upesi zaidi.

Kwetu hapa kero hii ina toleo lake la Desemba, nami nalipenda bila kupunguza neno. Wana wa Kanja wanarudi kutoka Nairobi na Thika, timu zinakuja kutoka Mbeere, kutoka Kirinyaga, kutoka Chuka ng'ambo ya mto Thuci, na uwanja wa shule haupumziki. Waumini wanalalamika kwamba spika zinafunika mahubiri. Wenye maduka wanalalamika kwamba bodaboda zimeziba njia. Mkulima analalamika kwamba wachumaji wameacha majani shambani. Zawadi ni mbuzi, jezi na mpira. Fainali haianzi mpaka mheshimiwa afike, na mheshimiwa hafiki kwa wakati.

Nalisifu hata lile la kumsubiri mheshimiwa. Katika saa hizo mbili za kungoja, timu ya wasichana ambayo haikuwa kwenye ratiba inapewa uwanja, kwa kuwa umati umeshakaa na lazima uonyeshwe kitu. Kina mama wanauza mayai, njugu na ndizi mpaka ndoo zinakauka. Kocha wa Chuka na kocha wa Kanja, ambao ligi zao za kaunti hazitawahi kukutana, wanasimama pamoja chini ya mgrevilea wakiulizana habari za yule kipa mrefu. Nimewaona vijana wakitoka kwenye mazungumzo hayo wakiwa na shule ya kwenda Januari, karo yao ikiwa imebebwa kwa sababu ya mguu wa kushoto. Ligi ya kaunti yenye ratiba safi, mechi zinazoanza kwa wakati na watazamaji wachache kando ya mstari haijafanya hivyo.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wenye uwezo. Hussein Mohammed wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) na Wallace Karia wa lile la Tanzania (TFF), turudishieni kombe la klabu za Kenya na Tanzania, na mara hii mwalike Uganda. AFCON ya 2027 imepewa nchi hizi tatu kwa pamoja. Itakuwa aibu nchi tatu ziwapokee wageni wa Afrika nzima ilhali klabu zao hazitembeleani. Tafuteni mdhamini wa chai, wa saruji, wa benki au wa simu, mwacheni wa kamari. Msiogope makocha watakaonung'unika kuhusu ratiba, kwa maana watanung'unika hata likizo.

Na mechi mojawapo ileteni Embu. Uwanja wa Moi ulipokea sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2023, basi hautashindwa na Yanga. Kutoka Kanja ni safari fupi ya matatu. Mechi ikitangazwa saa tisa tutafika saa saba, na ikianza saa kumi na moja mtatukuta bado tumekaa.